Mzambarau wa Faki

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa kanga mpya na viatu vya wazi, kama niendaye harusini. Nyapara wa kituo cha barabara cha Wete, Mzee Shaame, alinitazama miguu, uso hakuutazama. Akaniuliza kama nimekuja kufyeka au nimekuja kuposwa. Wanaume waliokuwa wakinoa mapanga wakacheka. Nikamjibu kwamba nimekuja kufyeka, na kama yupo wa kuposa basi asubiri jioni. Mzee Shaame hakucheka, lakini aliniruhusu niingie ghalani nichague fyekeo. Nikachukua jipya lililong'aa. Mtu mmoja mrefu, mweusi tii, aliyekuwa kimya muda wote, akanitoa lile mkononi taratibu akanipa kuukuu, mpini wake umelainika kwa mikono ya watu. Akasema jipya litanichubua. Huyo ndiye Faki. Jioni ile hakuposa, lakini haukupita mwaka akaja na wazee wake.

Nawaandikia nyinyi mlioshika kazi baada yetu, mnaofyeka kwa mashine ya petroli na miwani usoni. Siwaonei wivu. Mashine ina kelele, wala haijui inakata nini. Najua mtaniuliza, kama wengi walivyoniuliza, ilikuwaje sisi tukimaliza siku nzima kwa kipande ambacho nyinyi mnakimaliza kabla ya chai. Nitawaeleza kwanza kazi ilivyokuwa, kisha nitawaeleza habari ya mti mmoja, kwa sababu ndio ulionikaa moyoni.

Barabara si lami peke yake. Pembeni mwa lami kuna bega, pale gari linapoegea likipata pancha. Baada ya bega kuna mtaro wa maji, baada ya mtaro kuna ukingo wa majani, kisha ua wa miti na vichaka unaoitenga barabara na mashamba ya watu. Eneo lote hilo, toka lami mpaka kwenye ua, huitwa hifadhi ya barabara, nayo ni mali ya serikali. Nilipoanza, kazi ya gengi, yaani kundi letu la wafanyakazi, ilikuwa kuikwatua hifadhi yote kwa jembe mpaka ardhi ibaki uchi. Wakubwa wakipita na gari wakaona udongo mwekundu huku na huku, waliandika kwamba kazi imefanyika.

Aliyelibadilisha hilo ni Mkuu wa Kituo wetu wa Wete. Alikuwa mtu wa asili ya Oman, wa ukoo uliokuwa na mikarafuu mingi zamani na sasa umebaki na heshima tu, na kabla ya kuletwa barabarani alisomea misitu. Hakuwa msemaji. Asubuhi moja alitukusanya, akatupeleka kwa miguu kwenye kipande tulichokuwa tumekikwatua, akatuambia tusikilize. Hatukusikia kitu. Akatupeleka mbele, mahali ambapo majembe yetu yalikuwa hayajafika. Pale nyuki walikuwa wamejaa kwenye kishonanguo, ndege wadogo wa chozi wanadonoa maua ya vichaka, na juu ya mkuyu ndege wa ninga wanagombania kuyu zilizoiva. Tulisimama pale kwa muda mrefu, watu wazima na majembe mabegani, tukitazama kitu tulichokuwa tukikipita kila siku.

"Mikarafuu imechukua vilima, mpunga umechukua mabonde," akasema. "Viumbe hawa wamebakiwa na huu uchochoro wa pembeni ya barabara. Mkiukwatua, mmewafungia mlango."

Basi tukafundishwa kufyeka upya. Bega hukatwa fupi, dereva aone mbele na mtoto wa skuli apate pa kutembea. Mtaro husafishwa ili maji yapite. Lakini ukingo hufyekwa baada ya maua kumaliza kutoa mbegu, tena upande mmoja tu wa barabara. Upande wa pili husubiri mpaka wa kwanza uchipue. Ua haukatwi. Hupunguzwa yale matawi yanayoingia njiani, basi. Na unapofyeka unaanzia barabarani ukielekea kwenye ua, pole pole, ili mijusi na vinyonga wapate pa kukimbilia. Ukianzia kwenye ua unawasukumiza barabarani, na kinyonga, kwa mwendo wake ule wa biharusi, havuki salama.

Watu walitucheka sana. Barabara iliyofyekwa upande mmoja ilionekana kama mtu aliyekimbiwa na kinyozi. Masheha, viongozi wa vijiji, walileta malalamiko ya nyoka. Akina mama wanaoanika karafuu pembeni ya lami walitaka peupe pa kutandika majamvi yao, na hao walikuwa na haki, kwa hiyo msimu ukifika tuliwakatia mbele ya nyumba zao tukaacha kwengine. Wapo waliotuita gengi la wavivu. Mimi nilikuwa na ulimi, sikumwachia mtu. Niligombana na wapanda baiskeli, na wenye mbuzi, na shemeji yangu mwenyewe. Faki hakumjibu mtu hata siku moja. Akifika kwenye kiota alikizunguka, anaendelea mbele, na majani yanabaki yamesimama pale kama kilemba.

Baada ya ndoa tulihamishiwa Wingwi, kaskazini, pamoja na Mzee Shaame. Barabara za kule zilikuwa za udongo na mawe, na ng'ombe walikuwa wanatusaidia kazi bila kuombwa. Kule ndiko alikofariki mwenzetu wa kwanza, Bakari, kwa homa iliyomchukua haraka. Alikuwa kijana maskini, hana shamba, hana mke wala mtoto. Siku ya hitima yake, baada ya kusoma na kula, Mzee Shaame alituzuia tusiondoke.

"Bakari hakuacha kitu," akasema. "Tumpandieni mti wa matunda. Ndege akila, mtu akila, thawabu zimfikie kaburini."

Tukamwuliza tuupande kwenye shamba la nani, maana karibu sote tulikuwa wapangaji au tunalima kwa kuazima. Mzee alichora chini kwa kijiti.

"Yakhe, shamba huuzwa," akasema. "Au warithi hugombana, mti ukakatwa. Barabara haiuzwi wala hairithiwi. Tuupandeni kwenye ua, nyuma ya mtaro. Hapo hapana atakayeugusa."

Tuliona ni maneno ya hekima, na hata leo siyaoni kuwa ya kipumbavu. Mtu yeyote wa kisiwa hiki aliyeshuhudia ndugu wakipelekana mahakamani kwa mikarafuu mitatu angesema vivyo hivyo. Lakini ndipo tulipokosea sote. Tuliwaweka maiti wetu, kwa maana ya sadaka zao, mahali pekee ambapo ilikuwa lazima siku moja pachimbwe.

Nyote mlikaa chuo cha Kurani mkafundishwa: mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu, sadaka inayoendelea, elimu inayowafaa watu, na mtoto mwema anayemwombea. Watu wa gengi elimu yetu ilikuwa kunoa panga. Sadaka yetu ikawa mti. Tokea Bakari, kila mwenzetu alipofariki tulimpandia mti siku ya hitima yake, mpera au mkunazi au mkuyu, na mti tukauita kwa jina lake. Tukipita kazini tulimtolea salamu, tukamfyekea vizuri shinani, tukaendelea. Mgeni angetusikia angedhani tumepatwa na wazimu.

Mzee Shaame alipostaafu, tulihamishiwa kusini, Mtambile, nami nikapewa unyapara. Yule Mkuu wetu wa Wete aliponiita kunipa cheo alisema maneno machache kama kawaida yake: "Bi Raya, umegombana na kisiwa kizima kwa ajili ya majani. Sasa gombana ukiwa na cheo." Faki akawa chini yangu kazini. Wenziwe walimtania kwamba ana nyapara nyumbani na nyapara barabarani. Yeye aliwajibu kwamba keshazoea, akaendelea kunoa fyekeo lake.

Mungu hakutujaalia mtoto. Tulikwenda hospitali, tukaenda na kwengine ambako sitaki kukutaja, kisha tukachoka tukaacha. Ndugu zake walimshauri aoe mke wa pili. Hakuoa. Sikumwuliza kwa nini, na yeye hakunieleza, lakini nilikuwa nikimtazama akila nikajisemea kwamba mtu huyu nimemnyima. Siku moja tulikuwa tumepumzika chini ya ua wa barabara ya Mtambile, karibu na kalvati linalopitisha maji chini ya barabara, ninga wanatuangushia maganda ya kuyu vichwani.

"Raya, miye sina wa kunisomea," akasema. "Nikitangulia, nipandie mzambarau. Ninga wanaupenda, na watoto wa skuli wanaupenda. Utaliwa na wengi."

Nilimkemea kwa kutaja kifo kabla ya kula. Nilikuwa mkali kuliko ilivyostahiki, kwa sababu nilikuwa nimefikiria jambo hilohilo.

Alitangulia kweli. Presha ilimwangusha baada ya sala ya Ijumaa, na alipopakiwa garini kupelekwa hospitali, njia ilikuwa nyembamba, imeziba kwa gari mbili zilizokwaruzana, hakufika. Mimi nikaingia eda. Mnajua mwanamke akiwa edani hatoki kwenda huku na huku, kwa hiyo gengi langu lilimpandia mzambarau siku ya hitima bila mimi, palepale karibu na kalvati. Kila jioni mmoja wao alinipitia dirishani kunipa habari. Umeshika. Umetoa jani. Mbuzi kaula ncha. Umezungushiwa miba. Nilikuwa nikizingoja habari hizo kama mtu anayengojea habari za mgonjwa.

Siku niliyotoka eda sikwenda kwa ndugu wala sokoni. Nilikwenda kwenye mti. Ulikuwa unanifika gotini. Nilikaa chini pembeni ya barabara nikalia, magari yanapita na watu wanachungulia, na sikuona haya.

Ulikua mti ule. Ulichelewa, kama mzambarau wa mbegu unavyochelewa, lakini ulipoanza kuzaa haukuwa na choyo. Ninga walikuja. Kwa msiowajua, ninga ni njiwa wa kijani, rangi yake na ya majani ni moja, unaweza kusimama chini ya kundi zima usione hata mmoja mpaka tunda likuangukie. Wataalamu waliokuja na darubini walituambia ninga wa Pemba hayupo kwengine duniani. Hashuki chini, hula juu kwa juu. Usiku nao komba walichukua fungu lao, na asubuhi watoto wa skuli walipita na ndimi za zambarau wakioneshana. Kila nilipowaona nilisema moyoni, "Faki, thawabu yako hiyo." Nilikuwa mjane, sina mtoto, na nilikuwa na furaha. Naisema wazi kwa sababu sijapata nyengine kama ile.

Mwaka wangu wa mwisho kazini ulikuja mradi wa kupanua barabara. Sikuukataa. Barabara ile ilikuwa imeua watu, na nimewaeleza ilivyomfanya Faki. Mhandisi wa Mradi alikuwa kijana mpole, aliniamkia shikamoo kila asubuhi bila kusahau. Alinionyesha vigingi vyake. Lami itapanuka, na mtaro mpya wa zege utapita kwenye ukingo na ua wetu wote, toka kalvati mpaka mwisho wa kijiji. Katika ua ule palikuwa na miti mitatu ya wenzetu, na wa nne wa Faki. Nikamwomba apanue upande wa pili.

"Bi Raya, twende tukatembee," akasema.

Tukavuka. Upande wa pili kulikuwa na nyumba za watu, na chuo cha Kurani, na nyuma ya chuo makaburi. Alitembea nami pole pole mpaka mwisho wa makaburi, kisha akasimama kuningoja.

"Basi ni kule," nikasema. "Kwetu."

"Ndiyo, mama. Kule hakuna mwenyewe."

Hakulisema neno hilo kwa ubaya. Kwa sheria alikuwa sahihi: mashamba yaliyoguswa yalikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa wamekwisha kuitwa kulipwa fidia. Miti ya hifadhi ni ya serikali, na serikali haikumwona maiti pale. Nikamtajia majina. Nikamwambia huyu alikuwa nani, alifyeka kipande gani, alikufa vipi, mti wake huliwa na ndege gani. Alivua kofia yake ngumu akasikiliza mpaka nikamaliza. Akaniambia hana uwezo wa kuigeuza ramani, lakini ana uwezo wa kuchagua kazi ianzie wapi. Ataanzia mwisho mwengine, msimu wa zambarau upite na makinda yatoke viotani. Alitimiza ahadi, na Mungu amlipe.

Kilichonitesa hakikuwa mti. Mti ni kuni tu. Kilichonitesa ni yeye kule aliko. Maiti mwengine ana watoto sita, kila Ijumaa wanamsomea. Faki alikuwa na kitu kimoja kinachoendelea, na mimi ndiye nyapara niliyeandikiwa kusimamia ukataji wake. Nikaenda kwa Shehe, imamu wa msikiti wetu, nikamkuta anafunga mlango baada ya alasiri. Nikamwuliza hapohapo kwenye ngazi: mti wa sadaka ukikatwa, thawabu zinakatika?

Alikaa kwenye ngazi kabla ya kunijibu. "Zilizokwisha kuliwa haziondoki, Bi Raya," akasema. "Zipo kwa Mola wake, zimehifadhiwa."

"Na zilizokuwa ziliwe?"

"Hizo sijui. Nikisema nnajua ntakudanganya. Weye muombee."

"Namwombea kila sala. Lakini miye si mtoto wake, Shehe."

"Dua ya mke nayo ni dua."

Nilirudi nyumbani nimeridhika nusu. Nusu ya pili haijaridhika mpaka hii leo. Nawapenda watu wasiodai kujua wasilolijua, lakini siku ile ningependa sana adai.

Mtasema kwa nini nisipande mwengine. Nilipanda, baada ya ule kukatwa. Nyumba yangu imebanana na za wenzangu, ua wake haumtoshi hata kuku kujigeuza, kwa hiyo nilipanda shambani kwa mtoto wa kaka yangu. Alikubali kwa moyo mmoja, akaniletea mpaka mbolea. Baada ya mwaka aliuza shamba, kwa shida zake ambazo namwelewa, na mnunuzi akafyeka yote ajenge. Sikumlaumu mtu. Nilimkumbuka Mzee Shaame tu.

Nirudi nyuma kidogo. Siku ya kukata ilifika. Fundi wa msumeno wa mashine alikuwa mgeni wa huku, hatukujuana. Nilimweleza tutaanza mwisho wa kijiji kuja kwenye kalvati, na kwamba kila nitakapoinua mkono azime mashine. Tulipofika kwenye mti wa kwanza wa wenzetu niliinua mkono, gengi likakusanyika, tukasoma Fatiha, nikashusha mkono. Wa pili hivyohivyo, na wa tatu. Fundi hakulalamika juu ya petroli wala wakati. Kwenye wa tatu na yeye aliinua mikono akasoma pamoja nasi.

Tulipofika kwenye mzambarau aliuliza huu ni wa nani, maana gengi zima lilikuwa likinitazama mimi. Nikamwambia huu ni wa kwangu. Tukasoma. Nilirefusha dua mpaka nikakosa neno la kuongeza. Kisha nikamwambia akate. Nimetoa amri barabarani miaka mingi, zaidi ya miaka thelathini nimekuwa kwenye kazi hii, na sijapata kutoa nzito kama ile. Mti ulianguka upande wa shamba, hausumbui mtu, kama mwenyewe alivyokuwa.

Nilistaafu kabla lami haijamwagwa. Walinifanyia hafla ndogo kituoni, soda na biskuti, wakanipa kanga na cheti. Mhandisi wa Mradi alikuja. Mkuu mpya wa Kituo, ambaye hatukufanya kazi pamoja muda mrefu, alisema mimi nimejenga taifa. Nikamwambia sijajenga kitu, nimefyeka, na watu wakacheka wakidhani natania.

Barabara imekuwa nzuri. Sitaki mseme bibi huyu anaitukana lami. Mgonjwa akipakiwa Mtambile sasa anafika hospitali upesi, na nikiwaza hivyo nawaza kwamba ingekuwepo siku ile, pengine Faki angekuwa kitandani sasa hivi akinilalamikia chai haina sukari. Faki wawili hawa wananigombania kichwani, yule ambaye angeishi na yule aliyekufa, na siwezi kuwapatanisha. Lakini mtaro wa zege hauna huruma. Kinyonga akiingia hawezi kutoka, kuta zake zimesimama wima. Nyuki nimewatafuta sijawaona. Nyinyi vijana, pale ambapo mradi haujafika, fyekeni upande mmoja. Anzieni barabarani mwende kwenye ua. Mkichekwa, vumilieni, sisi tulichekwa tukaishi.

Msimu wa kwanza wa zambarau baada ya hapo nilikwenda kwenye kalvati jipya. Sikuwa na kazi pale tena, miguu tu ilizoea. Ninga walikuja. Walitokea upande uleule, kundi zima, wakazunguka juu ya mahali pale, wakazunguka tena, wakakosa pa kutua. Kisha wakaelekea bondeni, wakapotea. Nililia siku ile kuliko nilivyolia siku ya msiba, kwa sababu siku ya msiba nyumba ilijaa watu.

Kesho yake nilikwenda sokoni nikanunua zambarau kikapu tele. Nikazipanga juu ya ukuta wa kalvati, vichala kwa vichala. Ninga hashuki chini kula. Nilikuwa nalijua hilo, na ndiyo kazi iliyonizeesha. Nilizipanga hivyohivyo.

Ikasimama gari ya mchanga. Juu ya mchanga walikaa wapakiaji, vijana wenye vumbi mpaka kwenye kope.

"Bibi, zambarau unauzaje?" akauliza mmoja.

"Siuzi," nikasema. "Kuleni. Ila mkila, semeni Mungu amrehemu Faki."

Walitazamana. Yule aliyeuliza akashuka, akachota kwa mikono miwili, akasema kwa adabu, "Mungu amrehemu Faki." Akawapitishia wenziwe juu, nao wakasema mmoja mmoja, wengine midomo imekwisha kujaa. Dereva alitoa kichwa dirishani akaniuliza Faki ndiye nani. Nikamwambia ni mume wangu, alikuwa akifyeka barabara hii. Akaomba na yeye apewe, akala, akasema.

Toka hapo kila msimu nakwenda na kikapu changu. Watoto wa skuli wamenizoea, hulisema jina lake kwa kuimba wakikimbia. Wapo Mtambile wanaosema uzee umenipanda kichwani. Hao nao nawapa, nao wanakula, na wakila wanasema. Lakini zambarau hazikai. Zikisha sokoni narudi ndani na kikapu kitupu, na Faki anakaa bila kitu mpaka mwaka wa pili. Simwombi Mungu umri mrefu, nimechoka. Namwomba msimu mmoja mmoja.